Rangi ya Tope

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoa ahadi nikiwa na hasira, na sasa hasira imekwisha ila ahadi ipo palepale. Jana dada alikuja na shemeji kula mchana. Hajanawa hata mikono akaanza kunisema, eti mimi nakaa ndani na brashi zangu kama mwali wakati yeye kwenye wodi ya watoto anafunga vitanda kwa kamba. Vitanda vyenyewe ni vya watu wazima, havina kingo. Mtoto akijigeuza usingizini anakwenda chini. Mwezi uliopita mmoja aliingia na homa akatoka na mkono uliovunjika. Nikamwuliza, "Sasa mimi nifanye nini, nichore kingo?" Akasema, "Chora kitu kiuzwe." Shemeji akacheka mpaka mchuzi ukampalia. Nikajibu kwa jeuri tu: haya, nitachora, na watoto wa shule watachora pamoja nami, tuone utasema nini tena.

Akasema asante. Kumbe alikuwa amekwisha zungumza na Mwalimu Mkuu wa shule iliyo karibu na hospitali.

Leo nimekwenda kumwona huyo Mwalimu Mkuu. Shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, na mezani kwake hakuna kitu hata kimoja. Amenipa darasa la sita, Jumatatu na Alhamisi mchana, na chumba cha stoo cha kufanyia kazi. Wazo la madawati ni lake: yapo madawati mabovu, watoto watayapaka picha, na mwezi wa nne wageni wataalikwa ukumbini kuyanunua, fedha ziende wodini. "Watu wamechoka na picha za kutundika ukutani," aliniambia, mimi ninayekula kwa picha za kutundika ukutani. Ila wazo lenyewe si baya. Dawati lina meza, lina benchi, lina miguu, mtoto anaweza kulizunguka na brashi asimalize.

Alhamisi, 6 Machi

Madawati ya kwanza yameletwa. Nimeyatikisa, yanacheza kidogo tu. Nilitegemea mabovu zaidi ya hapo.

Watoto ni wachangamfu isipokuwa mmoja, msichana mrefu anayesimama mikono nyuma kama anayekagua gwaride. Wenzake hawashiki kitu mpaka yeye ashike. Nimemwita Jemadari, na hakukataa. Kabla hatujaanza aliniuliza, "Mwalimu, haya si yana wenyewe?"

Nikamwambia mimi si mwalimu, na wenyewe sasa ni wagonjwa wa wodini. Akaniangalia, akasema, "Haya." Nadhani tumeelewana.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua zimeanza. Tumepiga msasa tu. Vumbi la mbao, vikohozi, vicheko. Siku njema.

Alhamisi, 13 Machi

Tope. Sina neno jingine. Niliwapa nyekundu, njano, buluu na nyeupe, rangi za mafuta nilizokuwa nimejiwekea kwa kazi yangu mwenyewe. Nikawafundisha kuchanganya kidogo kidogo pembeni mwa kibao, nikatoka kutafuta matambara. Kurudi, zote zimemiminwa kwenye ndoo moja na Jemadari anakoroga kwa kijiti kama anayepika uji. Rangi iliyopatikana ni ile ya barabara lori likishapita.

"Nani amewaambia mfanye hivi?"

Jemadari akaendelea kukoroga.

"Na mtachora nini kwa rangi hii?"

"Ng'ombe," akasema Jemadari.

Wenzake wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Nikasema basi choreni ng'ombe. Wamechora. Wote wana miguu mitatu na mmoja hana kichwa, na rangi imechuruzika mpaka sakafuni. Nimerudi nyumbani kichwa kinanigonga.

Jumatatu, 17 Machi

Ng'ombe wengine. Nimemwambia Mwalimu Mkuu haya yameharibika, anipe mengine. Hakusita hata kidogo. Yameletwa kabla sijamaliza chai.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Nimewaambia hawana haya. Nimewaambia kuna watoto wadogo kuliko wao wanaoanguka vitandani usiku, na wao wanaona ni mchezo. Nimewaambia tangazo la mauzo limebandikwa getini na jina langu limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa, na sitakubali kuaibishwa na ng'ombe wasio na vichwa. Jemadari alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa adabu zote, "Mwalimu, sisi hatujui kuchora."

Nikaamini. Nikaona hata aibu kwa ukali wangu. Kisha wakati wa kutoka nikapita darasani kwao kufunga madirisha, na ubaoni nikajiona. Ni mimi, kwa chaki: kitambaa kichwani, brashi sikioni, mdomo wazi, mshipa wa shingo umesimama. Hata ile hali yangu ya kuinua bega moja ninapogomba imo. Chini yake hakuna jina, lakini nimeuona mkono wa Jemadari ukiwa na chaki mpaka kwenye kiwiko.

Kwa hiyo wanajua. Wanajua vizuri sana. Wananifanyia kusudi.

Nimemweleza shemeji, amecheka tena. Eti amekupata hata bega? Nimemwambia aondoke kwangu.

Jumamosi, 22 Machi

Dada ameniita wodini. Aliniita makusudi, namjua. Kamba nimeziona kwa macho yangu, kamba za kuanikia nguo, zimepitishwa huku na huku juu ya vitanda. Mama mmoja alikuwa amelala sakafuni, ubavuni mwa kitanda cha mwanawe, amejinyoosha ili mtoto akianguka amwangukie yeye. Dada hakunihubiria. Alinipitisha tu, akanipa chai, akauliza madawati yanaendeleaje. Nikasema yanapendeza sana.

Sijawahi kumdanganya dada waziwazi namna ile. Nimeamua: hao wakikataa kuchora, nitachora mimi.

Jumatatu, 24 Machi

Watoto walipokwenda nyumbani nilibaki stoo. Nimefunika ng'ombe kwa rangi nyeupe, na dawati la kwanza nimelichora ndege wa buluu wanaoanzia kwenye benchi, wanapanda miguuni, wanatua mezani mmoja mmoja. La pili nimeliwekea mvua, kila tone na rangi yake. Sijachora hivi siku nyingi. Nilikuwa napiga mluzi peke yangu. Acha waje waone maana ya kazi.

Alhamisi, 27 Machi

Nimewaonyesha. Nilitegemea hata makofi mawili. Wakasimama wamelizunguka dawati la ndege kama wanaomwangalia maiti. Jemadari akagusa benchi kwa kidole, na machozi yakamtoka. Nikasema moyoni, wivu huo. Umeona kilicho bora kuliko chako na roho inakuuma.

Nikatoka kuchota maji. Kurudi, ndege wamekwanguliwa kwa msumari, mistari mirefu, kuanzia upande huu mpaka upande wa pili. Msumari Jemadari bado alikuwa nao mkononi. Hakujaribu hata kuuficha.

Damu ilinichemka. Nilimshika mkono nikampeleka mwenyewe kwa Mwalimu Mkuu. Amempa adhabu ya kuosha vyoo wiki mbili, na wenzake wawili waliosema "na sisi tulikuwepo" wamepewa hiyohiyo. Niliona sawa. Naandika hapa kwamba niliona sawa kabisa, na nikarudi stoo kuwaziba ndege majeraha yao.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua kutwa. Wao wamechora tope lao, mimi nimechora samaki. Hatusemezani.

Alhamisi, 3 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Mvua ya leo ilikuwa kubwa mno, paa la stoo likaanza kuvuja juu ya dawati la samaki. Nikakimbia kutafuta ndoo. Jengo la pili lipo ng'ambo ya uwanja, upande ambao sijawahi kupita kwa sababu mimi huingia kwa geti la nyuma. Nikasukuma mlango wa kwanza nilioukuta.

Ni darasa la pili. Chumba kitupu. Ubao, dirisha, basi. Watoto wote wapo chini, kwenye saruji, wamekalia magunia yaliyopasuliwa. Maji yalikuwa yanaingia chini ya mlango, kwa hiyo wamesogezwa upande mmoja wakabanana. Wengine wameweka daftari magotini. Wengine wamelala kifudifudi wanaandika hivyohivyo, pua karibu iguse karatasi. Sakafuni bado kuna alama za miguu ya madawati, safu kwa safu, mahali ambapo saruji haijachakaa.

Nikasimama na rangi mikononi. Mtoto mmoja wa kiume, mapengo mbele, akamwambia mwenzake, "Ndiye huyu wa rangi." Kisha akaniuliza mimi, "Letu umelichora nini? Lile lililokuwa pale dirishani, lenye tundu la kalamu lililopasuka."

Nalijua tundu hilo. Nililizungushia kiota.

"Ndege," nikasema.

Akamgeukia mwenzake, uso wote umeng'aa. "Letu lina ndege!"

Mwalimu wao alikuwa amesimama ubaoni, mwanamke aliyekaukiwa na sauti kwa kushindana na mvua. Nikamvuta nje kwenye baraza. Nikamwuliza, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba madawati ni ya kwako. Kwamba watoto wanakaa chini."

Akaniangalia kana kwamba namfanyia mzaha. "Nilidhani unajua. Si kila wiki ulikuwa unaagiza mengine? Waliokuja kuyachukua waliniambia, mchoraji amesema hayatoshi."

Mchoraji ndiye mimi. Hayatoshi nililisema mimi. Yaliharibika, nikaomba mengine, nikaletewa kabla sijamaliza chai, na chai niliimaliza.

Nilivuka uwanja bila kujifunika. Niliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu bila hodi, maji yananidondoka juu ya sakafu yake safi. Nikamwuliza aliniambia madawati gani. Akasema, "Mabovu." Nikasema yale si mabovu, yanacheza tu, na kuna watoto wanaandika wamelala matumboni kama kenge. Hakukasirika. Hilo ndilo lililonikata maini, hakukasirika. Alinivutia kiti.

"Kaa, dada yangu. Wewe ni msanii, hujui mambo ya shule. Nimeomba madawati mapya mwaka wa nne huu. Maafisa wa elimu wanakuja, wanakuta watoto wamekaa, wanaandika hali si mbaya, wanaondoka. Shule ya jirani watoto walikuwa wanakaa chini. Walipata lori zima. Zima! Mwezi huu afisa anakuja. Akikuta darasa tupu, atatoa. Yale ya zamani yatakuwa yamesaidia wagonjwa. Kila mtu amepata."

"Na mvua hii?"

"Wiki chache tu. Watoto hawa ni wagumu."

Nilitaka kumpiga. Naandika ilivyo. Nilitafuta mezani kitu cha kurusha na meza yake haina kitu. Nikatoka.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemwambia dada mauzo yasiwepo. Alikuwa ametoka zamu, miguu ameitia kwenye beseni la maji ya moto. Alinisikiliza, kisha akasema polepole, "Mtoto anayekaa chini atachafuka matako. Wangu wanaanguka."

"Ni watoto vilevile, dada."

"Najua ni watoto. Nimesema wangu wanaanguka. Hao wako mvua zikiisha watakuwa wazima. Wangu sijui."

"Kwa hiyo tuwanyang'anye?"

"Mimi nilikuambia uchore. Sikukuambia unyang'anye. Usinibebeshe mzigo wako."

Shemeji leo hakucheka. Alitoka nje akajifanya anaangalia mfereji. Nimegombana na dada mara nyingi tangu utotoni, lakini siku zote mmoja wetu alikuwa na makosa. Leo nimetafuta kosa lake barabara yote ya kurudi na sikuliona, na hasira haijapungua hata tone.

Jumatatu, 7 Aprili

Darasa la sita wameingia stoo, wamepanga mstari, wakasubiri kugombezwa. Jemadari ananuka sabuni ya vyooni. Nikaketi juu ya kopo la rangi, nikawaambia nimekwenda darasa la pili.

Nikauliza, "Kwa nini mlichora tope?"

Wakamwangalia Jemadari. Jemadari akaangalia mlango, kisha akasema, "Tungechora vizuri yangenunuliwa."

Ndivyo. Walikaa wakapanga siku ileile ya kwanza, nyuma ya matangi ya maji. Wote wana ndugu au jirani darasa la pili. Waliona kitu kibaya hakinunuliwi, na kisichonunuliwa kinarudi kilikotoka. Wakaapa kuchora vibaya mpaka mwisho. Aliyesahau akachora vizuri kwa bahati mbaya, wenzake walimwagia tope juu. Mmoja aliniambia ilikuwa kazi ngumu, kwa sababu rangi zangu ni nzuri na mkono unatamani. Na mimi nikaja nyuma yao, jioni baada ya jioni, nikayapendezesha.

"Mngeniambia," nikasema. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulikuambia siku ya kwanza," akasema Jemadari. "Nilikuuliza kama hayana wenyewe."

Nikakumbuka jibu langu lote.

"Halafu Mwalimu Mkuu akatuambia atakayekupigia domo tena atafukuzwa mpaka aje na mzazi." Akaangalia tena mlango. "Lile la ndege ni la mdogo wangu. Ndiyo maana nililikwangua. Sikuwa nakuchukia. Nilikuwa nakuchukia kidogo."

Nikamwambia ana haki. Nikawaomba radhi wote, wakaona aibu wakaangalia chini. Kisha nikauliza ndoo ya tope iko wapi. Walielewa kabla sijamaliza. Tuliibeba wote, kila mtu na brashi yake, mpaka pale nilipoyapanga yale saba ya kwangu yakauke.

Hayapo. Yamehamishiwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, kufuli mlangoni. Ya tope yameachwa palepale, hakuna aliyejishughulisha nayo.

Alhamisi, 10 Aprili

Kufuli. Nimeambiwa picha za madawati yangu zimekwisha tumwa kwa wageni na wengine wamechagua tayari. Nimesema nitaliondoa jina langu. Amejibu niliondoe tu, wageni hawanunui jina, wananunua ndege.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilikwenda kuyazuia. Nilijipanga tangu asubuhi nitakachosema, nikakifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Ukumbi umefagiliwa, viti vina vitambaa. Saba yangu yamepangwa mbele chini ya taa. Manane ya tope yamesukumwa ukutani, nyuma, ili ionekane watoto nao walifanya kitu. Mama mmoja aliyevaa miwani kubwa alikuwa amesimama kwenye lile la ndege, anapima urefu kwa mkono. Nikamwendea. Nikamwambia, "Mama, haya si mapambo. Haya ni madawati ya watoto wa darasa la pili. Yametolewa darasani. Watoto wenyewe wako chini kwenye saruji."

Aliweka mkono kifuani. "Kweli? Yamekaliwa na watoto kabisa?"

"Mpaka mwezi uliopita."

"Jamani!" Akamwita mumewe. "Njoo usikie. Ni ya kweli! Ona, hapa wamekwangua jina." Akapapasa tundu la kalamu. "Hili naliweka verandani, juu yake vyungu vya maua. Hapana, sitabadilisha kitu, hata hili tundu naliacha."

Nikapaza sauti. Nikasimama katikati ya ukumbi nikasema tena, kwa wote, kwamba watoto wanaandika wamelala matumboni, kwamba kila dawati linalotoka mlangoni ni watoto wawili walioachwa kwenye maji. Watu waliguswa. Mzee mmoja alifuta macho. Na kadiri walivyoguswa ndivyo walivyonunua, kwa kuwa waliona nawahimiza. Mwalimu Mkuu akanishika bega, akasema pale mbele za watu, "Mnaona moyo wa msanii wetu," wakanipigia makofi.

Yangu yote saba yamekwenda. Ya tope hakuna aliyeyagusa, hata kwa kuyaonea huruma.

Dada alikuwa amekaa safu ya mwisho na sare yake ya kazi. Hakupiga makofi. Tulitoka pamoja, na mvua ilipoanza alinifungulia mwavuli upande wangu.

Jumanne, 15 Aprili

Darasa la sita wameyarudisha madawati ya tope wenyewe, mvuani, vichwani, bila kuomba ruhusa ya mtu. Nilisaidia kubeba. Darasa la pili walipiga mayowe. Waliyapapasa wale ng'ombe, wakawahesabu miguu, wakabishana nani akae kwa yule asiye na kichwa, kwa sababu huyo ndiye anayependwa kuliko wote. Saruji ya upande wa dirisha mpaka mlangoni imebaki tupu. Wa upande huo walisimama na magunia yao mkononi kungoja. Yalipokwisha kuingia, wakakaa chini tena.

Jumatatu, 28 Aprili

Afisa amekuja. Alisimama mlangoni mwa darasa la pili, akaona zaidi ya nusu wamekaa juu ya madawati, akasema hali si mbaya, akaondoka. Mwalimu Mkuu ameniambia mimi ndiye niliyeharibu, kwamba yangeuzwa yote lori lingekuja. Nimemjibu maneno ambayo siyaandiki. Baadaye nimekaa nikafikiri, huenda ni kweli lingekuja. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote: mtu yule anaweza kuwa na ukweli na bado nisimsamehe.

Vitanda vya wodi vimefika Ijumaa. Vina kingo za chuma, zinapanda na kushuka. Mtoto mmoja alikuwa analala ameweka mguu juu ya ukingo. Nilijaribu kukikasirikia kile kitanda nikashindwa.

Jumatatu, 5 Mei

Wiki ya mwisho ya muhula. Wiki iliyopita nilimwita fundi anayenitengenezea fremu, nikamwonyesha meza yangu ya kazi. Nikamwambia apasue.

"Hii? Mbao hii haipatikani siku hizi. Umegombana nayo?"

"Pasua."

"Utachorea wapi?"

"Chini."

Akaniangalia usoni, akatoa msumeno. Imetoa madawati mawili na vipande. Mawili, na yaliyouzwa ni saba. Niliyapiga msasa mwenyewe, vidole vikatoa damu, na bado nilikuwa na hasira, na bado ninayo.

Leo nimeyapeleka. Jemadari amekuja kukagua, mikono nyuma. Akapitisha kiganja juu ya mbao, akatafuta vibanzi. Akayatikisa. Hayakucheza.

"Hayana picha," akasema.

"Hayana."

"Basi yaache hivyohivyo, mwalimu. Usiyaguse."

Akawapanga watoto yeye mwenyewe. Amewapa waliokuwa wanakaa karibu na mlango, maji yanakoingilia. Mdogo wake hakumpa. Amebaki chini pale dirishani, mapengo yake mbele, daftari magotini. Wakati natoka akanishika sketi.

"Yule aliyenunua dawati letu, yuko darasa la ngapi?"

Nikamwambia huyo ni mtu mzima, hasomi.

Akafikiri. "Basi si aturudishie," akasema, kama jambo rahisi kuliko yote duniani.

Nimeuliza anakoishi yule mama wa miwani, nimeelekezwa. Kesho asubuhi nakwenda na mkokoteni, na nitamwambia maneno hayohayo ya mtoto, siongezi hata moja.